Kodi ya Kiti Kitupu

Mtu wa Dar es Salaam au wa Mombasa anayefika Kampala mara ya kwanza na kuuliza zilipo teksi ataonyeshwa, bila hila yoyote, gari la abiria 14 lenye mstari wa viraba vya buluu ubavuni. Kondakta ananing'inia mlangoni, wanawake wawili wamekwisha kukaa na mafurushi mapajani, na dereva analisogeza gari mbele kidogo kisha analirudisha nyuma kidogo ili lionekane linaondoka. Mgeni akisema hapana, yeye anataka teksi, ataambiwa ndiyo hiyo. Watarushiana maneno mpaka mmoja wao ashtuke: "Kumbe unataka special!" Hapo ataelekezwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, kwenye Corolla kuukuu iliyooshwa ikang'aa, dereva wake amelaza kiti anasoma gazeti la Bukedde.

Special hire. Ni Kiingereza, lakini Mwingereza ukimtamkia atakuomba urudie. Kwake yeye teksi ni gari la kukodi mtu mmoja, na jina lenyewe limetokana na mita, kile kidude cha kuhesabia nauli. Teksi ya Kampala haina mita wala haina mtu mmoja. Ndiyo daladala ya Mtanzania na matatu ya Mkenya. Wakenya waliliita gari hili kwa nauli yake ya zamani, mapeni matatu. Watanzania nao kwa dala, shilingi tano. Waganda, mbali na kuliita teksi, walilipa pia jina la kamunye, yaani mwewe, kwa jinsi linavyoshuka ghafla kando ya barabara, likanyakua mtu na kupotea naye. Katika majina hayo mimi nalipenda hilo la mwisho. Nauli za mapeni zimesahaulika na dala haimnunulii mtu hata pipi, lakini mwewe ni yule yule.

Basi jina la teksi likiwa limekwisha kutwaliwa na umma, gari la kukodi peke yako likabidi litafutiwe jina jingine. London gari la namna hiyo huitwa private hire, na tangu 1998 lina sheria yake iliyotungwa na Bunge. Kampala likawa special. Unaweza kuiruka tofauti hiyo kama kitu kidogo. Mimi naona ndiyo habari yenyewe. Jina la London linamtazama abiria: ni mtu anayetaka faragha yake, asiguswe bega na asiyemjua. Jina la Kampala halijali abiria ni nani. Linaitazama siku: leo kuna nini?

Wapo watakaokuambia special ni gari la wenye nazo. Mwenye nazo Kampala ana gari lake. Kama hana, ana la ofisi. Na kama yote yamekwama gereji, ana shemeji. Anayekodi special ni yule yule aliyepanda teksi jana na atakayepanda teksi kesho, ila leo kuna jambo. Mtoto anarudi shule ya bweni na sanduku la bati, godoro, ndoo, mifagio na bunda la karatasi ambalo shule imeliandika kwenye orodha ya mahitaji. Mzee ameruhusiwa kutoka hospitali na goti halikunjiki. Kuna ndege Entebbe ya alfajiri. Friji imenunuliwa. Mwanamke amevaa gomesi ya hariri anakwenda kwanjula ya mdogo wake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na gomesi ile, yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, haikushonwa kwa ajili ya kubanwa kati ya dirisha na gunia la mkaa. Teksi itakupokea wewe, mkoba wako na kuku wako mmoja. Haina pa kuliweka jambo.

Mwenye haraka ya kawaida, aliyechelewa kikao au mhadhara Makerere, hakodi special. Anapanda boda. Boda ndiyo iliyochukua haraka zote za jiji hili, na special ikabakiwa na uzito.

Ili kuielewa bei ya special sharti ukae kwanza kwenye teksi isiyojaa, na mahali pazuri pa kukaa ni Old Taxi Park, ambayo Waganda huiita Paaka Enkadde. Iko bondeni, karibu na mfereji wa Nakivubo, na mvua kubwa ikinyesha vilimani maji ya nusu ya jiji huja kupumzika maeneo yale. Ilifungwa 2020 wakati wa korona, ikakarabatiwa na kutandikwa upya, na bado ukitazama kutoka ghorofa za kandokando unaona mapaa meupe tu, yamebanana kiasi cha kukufanya ujiulize la katikati litatokaje. Hutoka. Kuna kijana kazi yake ni hiyo tu, kupiga mabodi kwa kiganja na kuwaelekeza madereva sentimita kwa sentimita.

Unaingia kwenye teksi ya Ntinda. Unahesabu vichwa: watu 9. Unafurahi, bado kidogo. Unachokosa kujua ni kwamba baadhi ya hao 9 si abiria. Ni vijana wa pale pale, wamepewa vijisenti wakalie viti ili gari lionekane karibu kujaa, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza kwenye gari tupu. Abiria wa kweli wakianza kuingia, hao wanateremka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kitu. Baada ya robo saa watu wameingia watano na gari lina watu 8. Muuza soksi amepita dirishani, muuza maji, muuza chaja za simu, mhubiri. Mama aliye mbele yako anamuuliza kondakta kwa upole, "Ssebo, tunaondoka lini?" na kondakta anamjibu kwa upole ule ule kwamba tunaondoka sasa hivi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme nauli ya Ntinda siku hiyo ni shilingi 2,000. Viti 14 vinaleta shilingi 28,000. Vuka barabara uende kwenye Corolla ya mwembeni, uulize bei ya Ntinda. Utaambiwa 30,000, mtabishana, mtapatana 25,000. Hakuna aliyekaa kupanga bei hizo zikaribiane, wala dereva wa special hatakuambia kwamba anakuuzia teksi nzima. Lakini ndivyo ilivyo. Umenunua kiti chako na vingine vyote ambavyo hakuna atakayevikalia.

Kiti kitupu lazima kilipiwe na mtu. Kwenye special kinalipiwa kwa fedha. Kwenye teksi kinalipiwa kwa muda: wale waliofika mapema wanakaa nusu saa juani wakimlipia yule wa 14, ambaye bado yuko soko la Owino anachagua viatu vya mitumba na hajui hata kwamba wapo. Hiyo ndiyo kodi ya mtu wa kipato kidogo Kampala, na haiandikwi popote. Anailipa asubuhi na anailipa tena jioni. Siku ya jambo ndiyo siku ambayo muda wake wote umekwisha kuchukuliwa na kitu kingine, hana wa kumwachia teksi, na hapo anafungua fundo la leso.

Madereva wa special nao wana jamii yao. Siteji ya special si mahali pa kuegesha tu. Ina mwenyekiti, ina kiingilio ambacho dereva mpya hulipa kabla hajaruhusiwa kuliweka gari lake kwenye foleni, ina daftari la michango ya misiba, na ina sheria kwamba mteja anayekuja kwa miguu ni wa gari lililo mbele, hata kama analipenda zaidi lililo nyuma. Anayepigiwa simu huyo hana foleni. Mteja ni wake. Ndiyo maana namba ya simu ni mali. Katika simu za watu wa Kampala kuna ukoo mkubwa ambao hakuna mtaalamu wa nasaba aliyeuandika: Special Bukoto, Special Kansanga, Special wa Mama, Special Mzee. Dereva mmoja anaweza kuwa amewapeleka watoto wako watatu kliniki na usijue jina alilobatizwa. Kwenye simu jina lake la ukoo ni Special, basi.

Niingize neno hapa. Katika Uganda special ina ndugu wengine wasio na mzaha. Kikosi kinachomlinda Rais ni Special Forces Command. Polisi nao wana special constables. Gari la mwembeni ndilo pekee katika ukoo huo ambalo mtu wa kawaida akiliita linakuja, tena akilitaka lipunguze bei linapunguza.

Kupunguza kwenyewe kuna maswali yake. Dereva haulizi tu unakwenda wapi. Anauliza mko wangapi, kuna mzigo gani, mwisho wa safari ni lami au vumbi, na lile swali kubwa kuliko yote: "Nashusha au nasubiri?" Anazunguka swali hadi swali mpaka alijue jambo, maana anayepanga bei ni jambo, si kilomita. Kumchukua bibi harusi saluni Wandegeya na kumpeleka kanisani Namirembe ni mwendo mfupi sana, na hutaupata kwa bei ya kumpeleka mtu wa kawaida mahali pale pale siku ya Jumanne. Mgonjwa hupunguziwa kidogo. Anayehama nyumba huongezewa, kwa sababu atasema ana vitu vichache na atatoa kabati.

Mimi hupatana kwa Kiswahili, Luganda yangu ikiwa ni ya kusalimia tu, na hilo nalo lina bei yake. Kwa miaka mingi Kiswahili Kampala kilikuwa lugha ya kambi, na wapo wazee ambao hadi leo wakikisikia wanasikia na mlio wa buti. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na mambo yanakwenda yakibadilika taratibu. Lakini dereva wa miaka sitini nikimwambia "Mzee, nipunguzie kidogo," hukaa kimya kwanza akinipima: huyu ni afande, au ni mfanyabiashara kutoka Kenya? Afande hupunguziwa. Mfanyabiashara huongezewa. Nimeona ni busara kutofafanua.

Usiku ni jambo jingine. Usiku hakuna mapatano, au tuseme yapo ya namna mbili. Ukimwamsha dereva usiyemjua atataja bei mara tatu ya ile ya mchana na utaikubali, kwa sababu naye ana hofu yake: madereva wa special wamewahi kuuawa na abiria wa usiku, magari yakachukuliwa, na kila siteji ina kisa chake. Ukimwamsha unayemjua hataji bei kabisa. Jirani yangu aliposhikwa na uchungu, saa nane za usiku, mumewe alipiga simu moja tu. Gari lilifika likiwa limezimwa taa za mbele ili lisiamshe mtaa, dereva amevaa sweta juu ya suruali ya kulalia. Hakusema neno. Alifungua buti, akatoa karatasi la nailoni lililokunjwa vizuri, akalitandika kiti cha nyuma, juu yake akatandika shuka, akalainisha mikunjo kwa mkono kama mtu atandikaye kitanda cha wageni. Ndipo akamfungulia mlango mama mzazi. Nailoni ile haikuwa imenunuliwa usiku ule. Ilikuwa inakaa ndani ya buti, pamoja na jeki na spana, ni kifaa cha kazi. Walikwenda hospitali ya Kawempe na bei ilikuja kutajwa siku ya pili mchana, mtoto akiwa amekwisha kupewa jina, na dereva alipoitaja alitazama pembeni.

Nimeikumbuka safari ile mara nyingi kwa sababu ya mwaka 2020. Tarehe 25 Machi mwaka huo Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma nchini: teksi, mabasi, na boda zikakatazwa kubeba watu. Tarehe 30 Machi akapiga marufuku magari ya binafsi pia, na usiku kukawa na amri ya kutotoka nje. Aliyetaka kusafiri na mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais katika wilaya. Jaribu kuiweka amri hiyo juu ya saa nane za usiku. Ofisi ya RDC imefungwa, simu haipokelewi, uchungu hausubiri muhuri. Wanawake walitembea kwa miguu gizani kwenda kujifungua, na magazeti ya Uganda yakaandika juu ya waliofia njiani na watoto waliozaliwa kando ya barabara. Baadaye Rais alitangaza kwamba mwanamke ambaye ujauzito wake unaonekana hahitaji kibali. Lakini kwa wiki kadhaa serikali ilikuwa imejaribu kuendesha jiji lisilo na special, na ikagundua, kwa gharama ya watu wengine, kwamba jambo haliombi ruhusa.

Teksi ziliporudishwa Kampala, tarehe 4 Juni, zilirudi kwa sharti la kubeba nusu ya abiria. Watu 7 badala ya 14. Hilo mimi nililiona ajabu kuliko barakoa na vitakasa mikono. Kwa amri, kila abiria wa Kampala aliwekewa kiti kitupu kando yake, na nauli zikapanda, njia nyingine hadi maradufu, kwa sababu kiti kitupu, kama nilivyosema, lazima kilipiwe na mtu. Nusu ya special ikauzwa kwa watu wote kwa wakati mmoja, watake wasitake. Nakumbuka nimekaa dirishani, mkoba wangu kwenye kiti cha pili, na kondakta akiutazama mkoba ule kwa uchungu wa mtu anayetazama chakula kikimwagwa. Mizigo ilikuwa inapanda bure, watu wanabaki kituoni. Wenzangu ndani ya gari walikuwa wamejinyoosha, wameachanisha magoti, wengine wanasema laiti ingekuwa hivi siku zote. Kisha wakifika kwenye kulipa wanasema hapana, afadhali tubanane.

Kabla ya hayo yote, Juni 2016, Uber ilikuwa imekwisha kuingia Kampala. Taxify, ambayo leo ni Bolt, ikafuata, na mita ikarudi mjini ikiwa ndani ya simu. Kwa mara ya kwanza bei ilitajwa kabla dereva hajakuona. Simu haiulizi mko wangapi wala kama kuna mgonjwa. Haijui kwanjula na haijui maziko. Inajua umbali, dakika, na mahitaji ya wateja saa hiyo. Mvua ikinyesha inapandisha bei kwa watu wote sawasawa, aliyevunjika mguu na anayekwenda Kabalagala kula muchomo.

Kukatokea jambo ambalo sikulitegemea. Vijana wa mjini wakaanza kukodi gari siku ambazo hakuna kitu. Wanakwenda sinema. Wanatoka sokoni na mfuko wa nyanya. Zamani mtu akionekana anashuka kwenye gari dogo getini, majirani wangechungulia: kuna nini, nani anaumwa? Siku hizi hawachungulii. Na vijana hao hawasemi wamekodi special. Wanasema wameita Uber, hata pale gari lilipotoka Bolt. Jina la kampuni limechukua siku za kawaida. Special imebaki na jambo lake.

Madereva wenyewe wanaijua mipaka hiyo kuliko sisi. Wengi wana simu mbili kwenye dashibodi, na baadhi yao bado wanalipa mchango wa siteji. Unaomba gari kwa simu, dereva anapiga: "Boss, unakwenda wapi? Unalipa keshi?" Ukimtajia mahali pa mbali au penye matope, kunakuwa na kimya kidogo, halafu: "Tufute hiyo safari, twende kama special." Neno "kama" hapo limebeba mkataba mzima. Maana yake tumetoka kwenye hesabu ya mashine, tumerudi mwembeni, tuambizane jambo ni nini na bei tuipange wawili. Kampuni zinalikataza hilo, na kwa haki yao, kwa kuwa kamisheni inawapita. Mimi mara nyingi nimekubali. Sikufanya hivyo kwa huruma tu. Mtu uliyepatana naye kwa mdomo ukimwambia simama hapa nichukue dawa, anasimama.

Nje ya Kampala neno hili hufanya mambo ya kuchekesha. Huko magharibi nimewahi kuingizwa kwenye gari dogo lililoitwa special, nikakaa nyuma na watu wengine watatu, mbele wako watatu, na wa nne amekaa kiti kimoja na dereva, dereva amegeuza nyonga upande, mkono mmoja umepita mbele ya yule abiria kufikia gia. Hakuna aliyeliona hilo kuwa geni. Mlima ni mkali, magari ni machache, na mwenye gari akiona kiti kinakwenda kitupu anaumia kama mkulima anayeona ndizi zinaiva shambani bila mnunuzi.

Lakini special ya kweli ya Uganda, kama ukiniuliza, si ile Corolla hata kidogo. Ni teksi yenyewe, ile ya viraba vya buluu, Jumamosi asubuhi, imebandikwa karatasi kwenye kioo cha mbele iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SPECIAL HIRE. Imekodiwa nzima. Inakwenda mazikoni. Waganda huwazika wapendwa wao nyumbani, kwenye ardhi ya ukoo, na jiji la watu waliotoka kila wilaya lina maana ya jiji linalosafiri kila wiki kuzika. Watu ni 14 kama kawaida, wamebanana kama kawaida, magoti mgongoni mwa mwenzako. Kilichobadilika ni kwamba hakuna asiyejua mwenzake anakwenda wapi, na hakuna anayemngojea wa 14.

Hivi karibuni nilisindikiza msiba wa jirani hadi ng'ambo ya Masaka. Mapatano yalikuwa yamefanywa na shangazi wa marehemu, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, na yalikuwa ya vipande vitatu: kwenda, kusubiri, kurudi. Kule mazikoni dereva na kondakta wake walinawishwa mikono wakapewa matooke na nyama kama watu wengine, wakakaa kwenye mkeka na wanaume wa ukoo, na kikapu cha mabugo, mchango wa rambirambi, kilipopita dereva alitia shilingi 5,000 na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Saa kumi na moja tukaondoka. Watu wawili wa kwetu walibaki kulala msibani, kwa hiyo viti viwili vikawa vitupu.

Tulipofika Lukaya, gari likapunguza mwendo kwenye wachoma kuku. Nilidhani dereva ananunua gonja, zile ndizi za kuchoma. Alikuwa anamtazama mtu aliyesimama na gunia, akipungia magari ya Kampala.

"Hili gari ni special, mwanangu," shangazi akasema kutoka nyuma.

"Najua, mama. Lakini viti viwili vinakwenda bure."

"Haviendi bure. Nimevilipia."

Dereva akafikiri. Mtu wa gunia akawa amekwisha kufika dirishani. Kondakta, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amekwisha kufungua mlango na gunia limeingia. Yule mtu akakaa, akasalimia, akaona nyuso zetu na zile kanzu na gomesi, akaelewa, akatupa pole. Kisha akatoa shilingi 10,000 akamnyooshea kondakta. Shangazi aliinuka nusu, akazichukua yeye, akazikunja na kuzisokomeza kwenye mshipi wa gomesi.

"Basi hiyo ikatwe kwenye ya kusubiri," dereva akasema.

"Ya kusubiri tulipatana. Hii ni ya kiti changu."

"Mama, hata mabugo nilitoa!"

"Ulimtolea marehemu. Mwenyezi Mungu akubariki. Mimi naongea habari ya kiti."

Walibishana mpaka Mpigi, na mwenye gunia akashuka Kyengera bila kudaiwa tena.